UZI: Vielezi vinavyofuata “get”: tuvisome kama mnyambuliko, si kama orodha ya kukariri

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya upili hapa Nakuru. Kila mtihani wa KCSE unapokaribia, wanafunzi huja na orodha ndefu waliyoinakili kutoka vitabu vya marudio: “get up” ni hivi, “get by” ni vile, “get over” ni kitu kingine kabisa, na ukurasa unajaa mpaka pambizoni. Wana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa sehemu ya sarufi katika Karatasi ya Pili, ambayo ina alama 15, mara nyingi humtaka mtahiniwa aondoe neno lililopigiwa mstari na kuweka mahali pake kitenzi kifupi pamoja na kielezi chake. Orodha hukaririwa, mtihani hupita, na baada ya hapo huwasikii tena wakiyatumia maneno hayo katika mazungumzo yao.

Nadhani orodha yenyewe ndiyo tatizo, kwa sababu inakichukua kila kifungu kama neno geni lisilo na jamaa. Pendekezo langu ni kwamba mtu aliyekulia katika Kiswahili avisome vielezi hivi kama anavyousoma mnyambuliko wa vitenzi. Kazi ambayo sisi huifanya kwa kugeuza mwisho wa kitenzi, Waingereza huifanya kwa kukiacha kitenzi kama kilivyo na kukifuatishia neno fupi: “up”, “on”, “off”, “out”, “by”, “through”, “over”, “along”, “back”, “away”.

Chukueni kitenzi “pata”. Kutokana nacho tuna patia, patana, patanisha na patikana, na hakuna mtoto anayesumbuka akiuliza kwa nini watu wanaopatana hawajapata kitu chochote mkononi. “Get” nayo hubeba wazo la kupata kitu au kufika katika hali fulani, kisha kielezi ndicho kinachosema ni kufika kwa namna gani. Watu wanaopatana hufanya “get along”. Aliyepata simu ya mtu baada ya laini kushughulika kutwa nzima amefanya “get through”, na mwanafunzi aliyepenya mtihani mgumu amefanya “get through” vilevile, kwa kuwa wote wawili wamepita katikati ya kizuizi wakatokea upande wa pili. Anayesukuma siku kwa kipato kidogo hufanya “get by”, yaani anapita, lakini anapita pembeni kwa pembeni, bila nafasi ya kutanua mabega. Ukiielewa kazi ya “through” na “by” katika mifano hii, hukariri tena maneno mawili, bali unakuwa na ufunguo wa mengine mengi.

“Up” ndiyo inayowatesa watu zaidi, kwa sababu shuleni tuliambiwa kwamba maana yake ni “juu”. Katika “get up” ya asubuhi, juu ipo, kwa kuwa mtu anainuka kitandani. Lakini Mto Njoro ukikauka wakati wa kiangazi, Mwingereza husema umefanya “dry up”, na hakuna kilichopanda popote. Ukila chakula kikaisha ni “eat up”, ukitumia akiba yote ni “use up”, na tangi likijaa mafuta ni “fill up”. Hapo “up” inasema kitendo kimefika mwisho wake, hakikubaki kitu. Sisi jambo hilo mara nyingi tunaliachia tanakali za sauti: gunia hujaa pomoni, mtoto hulala fofofo, darasa hunyamaza jii. Pomoni haina maana yake yenyewe nje ya kujaa, na hatujawahi kuidai iwe nayo. Kwa nini basi tuidai “up”?

“On” kwa upande wake hukataa kitendo kisikome. “Go on”, “carry on” na “keep on” zote zimo katika jamaa ya “endelea”, ambayo sisi tumeitoa kwa “enda” kwa kuurefusha mwisho wake. “Off” hutenganisha: “cut off” ni kukata kitu kikaachana na kingine, “call off” ni kufuta mkutano uliokuwa umepangwa, na “get off” ni kuachana na chombo ulichokuwa umepanda.

Hapo kwenye vyombo naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu huchanganyikiwa zaidi. Kwa pikipiki ya bodaboda ni “get on” na “get off”. Kwa tuktuk au gari dogo ni “get in” na “get out”. Kwa basi, garimoshi, au feri inayovuka kati ya Luanda K'Otieno na Mbita, tunarudi kwenye “get on” na “get off”. Kinachoamua ni jinsi mwili unavyoingia. Chombo unachokikalia juu yake, au chenye sakafu unayoweza kusimama na kutembea, huchukua “on”. Chombo unachoinama ukaingia na kuketi papo hapo huchukua “in”. Matatu ya abiria 14 inaiyumbisha kanuni hii, kwa kuwa mtu huingia humo akiwa ameinama kama anayeingia kibandani, lakini kwa sababu ni gari la abiria lenye vituo, bado abiria hufanya “get off”. Sisi Wakenya tumezoea kuandika “alight”. Si kosa, ila mtu wa London huliona zaidi kwenye matangazo ya vituoni kuliko kulisikia kwa jirani yake.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja ni mpangilio wa maneno, ambao hauna huruma. Unaweza kusema “turn off the light” au “turn the light off”, lakini nomino ikigeuka kuwa kiwakilishi, kielezi hukaa nyuma pekee: “turn it off”. Hakuna anayesema “turn off it”. Sasa mwambieni mtoto aliyekalia pikipiki ya watu “Get off it!”, naye atashuka. Mwambieni mtoto ambaye siafu amemng'ang'ania shingoni “Get it off!”, naye atambandua. Maneno ni yaleyale matatu. Katika sentensi ya kwanza “off” ni kihusishi kinachotangulia kitu, na katika ya pili ni kielezi kinachokamilisha kitenzi. Jozi nyingine ya namna hiyo ni “get over it”, yaani sahau machungu hayo uendelee na maisha, na “get it over with”, anayoambiwa mtu anayeogopa kung'olewa jino ili aende amalize shughuli hiyo. Mwanafunzi anayekariri “get over = pona” hawezi kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa orodha haina mpangilio wa sentensi.

Karibuni.

Mchangiaji, Kisumu

Mwalimu, asante kwa uzi. Naunga mkono wazo lako, lakini umesema “mtu aliyekulia katika Kiswahili”, na hapa Kisumu wengi wetu tumeanza na Dholuo kabla ya Kiswahili. Sisi hatuna haja ya kuvuka daraja hilo la mnyambuliko. Mgeni akifika nyumbani huambiwa “bed piny”, ambapo “bed” ni keti na “piny” ni chini. Anayesimamishwa huambiwa “chung' malo”, na anayefukuzwa huambiwa “wuog oko”. “Malo” ni juu na “oko” ni nje, na vyote viwili hukaa baada ya kitenzi, kama vilivyo “stand up” na “get out”. Hata maana isiyo ya mwendo tunayo: “dhi nyime” kwa asili ni kwenda mbele, lakini mtu anayehutubia akiambiwa hivyo anajua kwamba ameruhusiwa kuendelea kusema, hakupiga hatua yoyote.

Kwa hiyo ningependekeza mwalimu aanze na lugha ya mtoto mwenyewe, iwe ni ipi. Mtoto wa Ahero aonyeshwe kwamba Kiingereza kinafanya kama nyumbani kwao.

Mchangiaji, Bungoma

Nimeusoma uzi kwa makini na ninakubaliana na nusu yake. Kwetu, katika Lubukusu, kitenzi huongezewa mwishoni vipande vidogo vya mahali kama -mo, -kho na -ho, kwa hiyo hata sisi tuko karibu na hoja ya mwalimu. Shida yangu ni kwamba mwalimu amechagua mifano inayomtii. Naomba atueleze “up” katika “give up”, yaani kukata tamaa. Ni kitu gani kilichofika mwisho, au kilichokwenda juu? Atueleze pia “get up to”, inayosemwa kuhusu watoto wanaofanya utundu. Atueleze “what are you getting at?”, ambayo mtu huulizwa anapozungukazunguka bila kusema anachotaka. Ukimwambia mwanafunzi kwamba kila kielezi kina kazi yake maalumu, siku atakapokutana na “put up with” atavumbua maana yake mwenyewe na kukosa alama.

Nyongeza ndogo: maji ya Mto Njoro yakikauka kwa jua hugeuka mvuke, na mvuke hupanda. Hapo “up” imejitetea vizuri kuliko alivyoitetea mwalimu.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Huo mvuke nimeukubali.

Kuhusu Dholuo sina la kuongeza ila shukrani, kwa sababu mfano wa “dhi nyime” unafanya kazi ambayo mnyambuliko wangu hauwezi: kielezi kimebaki neno kamili, kinaonekana kwa macho, na bado kimeiacha maana yake ya mahali. Nitautumia.

Ndugu wa Bungoma amegusa penyewe, na katika jibu langu nitarudi nyuma kidogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na mazoea ya kuweka kiambishi mbele ya kitenzi. Mabaki yake tunayatumia kila siku bila kuyatambua: “forget”, “understand”, “withstand”, “uphold”. Baadaye mazoea yaligeuka na neno dogo likahamia nyuma ya kitenzi. “Get” yenyewe Waingereza waliipokea kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao; shina kama hilo lilikuwamo katika Kiingereza, lakini lilionekana tu likiwa limetanguliwa na kiambishi, kama linavyoonekana mpaka leo katika “forget” na “beget”. Kwa hiyo “forget” na “get over” ni ndugu waliozaliwa katika zama mbili, mmoja akiwa na mzigo mbele na mwingine akiwa nao nyuma.

Sasa “give up”. Katika kitabu cha kumbukumbu za kila mwaka kilichoandikwa na watawa wa Peterborough, Uingereza, chini ya mwaka 1132, tunasoma kwamba mfalme alimlazimisha abate mmoja aachie uongozi wa monasteri hiyo na kuondoka nchini, na maneno yaliyotumika ni “gyuen up”. Naona hapo “up” haiko mbali na “juu” hata kidogo: anayekabidhi ni wa chini, na anayekabidhiwa ni mfalme. Aliyesalimisha cheo au ngome ameachilia alichokuwa amekishikilia, na aliyekata tamaa ameachilia pia, ingawa hakuna mfalme aliyesimama mbele yake. Maana imetembea hatua kwa hatua, kama ilivyotembea maana ya “kata” mpaka ikafika kwenye “tamaa”, ambayo haina kisu.

Sidai kwamba kila muungano unaweza kufuatiliwa hivi na mwanafunzi wa kidato cha tatu. “Put up with” na “get up to” zikaririwe, na wala sioni aibu kusema hivyo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba kuungana huku kwa kitenzi na neno dogo ndiko kunakowapa wageni taabu kubwa kuliko yote katika Kiingereza, na akataja mifano kama “come off”, “give over” na “take off”. Mfano huo wa mwisho unafundisha: Johnson aliueleza kwa maana ya kuiga, ilhali leo mtu akisikia “take off” kwanza hufikiria ndege ikipaa au mtu akivua koti. Basi kamusi lazima iwe karibu. Ninachokataa ni kukariri hata yale yanayoelezeka, ambayo ndiyo mengi katika maneno ya kila siku.

Mchangiaji, Kisumu (mwingine)

Mimi si mwalimu, ni katibu muhtasi katika ofisi moja mjini. Nina swali la kikazi. Tulifundishwa kwamba barua rasmi haitaki maneno haya: badala ya “put off” uandike “postpone”, badala ya “put up with” uandike “tolerate”, na badala ya “put out” uandike “extinguish”. Nimefuata hivyo miaka yote. Lakini wageni kutoka Uingereza wanapotuandikia barua pepe, huandika “get back to you”, “set up a meeting” na “look into it”, tena ni wakubwa wa idara. Je, kanuni imebadilika, au wao ndio wavivu?

Na jambo la pili: nikisema “I will pick you at five”, huyo mgeni hunitazama kana kwamba nimeacha sentensi njiani.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Dada, si wavivu. Maneno “postpone”, “tolerate” na “extinguish” yana asili ya Kilatini, na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 lugha za Kifaransa na Kilatini zilikaa muda mrefu katika mahakama, kanisa na vyuo, ilhali mkulima aliendelea na maneno yake mafupi. Hadhi hiyo ya maneno marefu haijafutika. Ni kweli kwamba katika hati ya kisheria au ripoti ya kitaaluma “tolerate” hukaa vizuri kuliko “put up with”. Ila barua pepe ya ofisini leo imesogea karibu na mazungumzo, na “set up a meeting” haimvunjii mtu heshima. Sisi tuliokipata Kiingereza darasani kabla ya kukisikia jikoni tulianza na maneno ya mahakamani, ndiyo maana Mkenya aliyesoma vizuri anaweza kuandika hukumu nzima bila kosa, kisha akakwama anapotaka kumwambia mtoto avue viatu.

Kuhusu “pick you”: bila “up”, “pick” ni kuchagua au kuchuma. Mgeni wako anasubiri kujua amechaguliwa kwa kazi gani. Nyoosha kwa kusema “pick you up at five”, na kumbuka kwamba kiwakilishi kimekaa katikati kama nilivyoeleza pale juu. Upande wa pili tuna “cope up with”, ambapo tumeongeza “up” isiyotakiwa. Ni “cope with” peke yake.

Lakini kuna kosa moja la kwetu ambalo nalipenda, nalo ni “off the lights”. Kila mzazi mjini amewahi kulisema. Kwa sarufi ya Uingereza halifai, kwa kuwa kitenzi “switch” kimetupwa na kielezi kimekalishwa kwenye kiti chake. Hata hivyo, tazameni ni neno gani tuliloliacha na ni neno gani tulilolibakiza. Tumebakiza lile lenye mzigo. Kitenzi kinaweza kuwa “switch”, “turn” au “put”, na taa itazimika vilevile. Kielezi ukikibadilisha kuwa “on”, itawaka. Sijui ushahidi bora zaidi wa hoja yangu kuliko huo uliotoka sebuleni mwetu wenyewe.

Mchangiaji, Busia

Nimefurahia mjadala. Niongeze kwamba hata Kiswahili chetu kimekwisha kumeza baadhi ya miungano hii bila kuomba ruhusa. Gari tunaloliita pikapu ni “pick” na “up”. Chakula cha kufungiwa hotelini tunakiita tekiawei. Wakati wa korona kila mtu alijua maana ya lokidauni.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Kweli kabisa, na pikapu inatufaa kwa jambo la matamshi ambalo nilikuwa nimelipitia haraka. Muungano ukiwa kitenzi, sauti hupanda kwenye kielezi: “pick it UP”. Ukigeuka nomino, mkazo huhamia mwanzoni: “a PICKup”. Ndivyo ilivyo pia kwa “break down” ya gari kuharibika na “breakdown” ya lile gari linalokuja kulivuta, na kwa “get away” ya kutoroka na “getaway” ya mwishoni mwa juma. Sisi tunaozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadilisha tunapaswa kuwa waangalifu hapo. Kihusishi nacho kikiwa kifupi hakipati mkazo: katika “LOOK at it” nguvu iko kwenye kitenzi, ilhali katika “look it UP” iko kwenye kielezi. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti huitambua tofauti hiyo kwa sikio kabla hajaifahamu kwa kanuni.

Mchangiaji, Bungoma

Mwalimu, nimelegeza msimamo kidogo. Swali la mwisho, kwa kuwa ninawasaidia watu kujaza fomu za serikali: ni “fill in”, “fill out” au “fill up the form”? Ofisi tofauti husema tofauti.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Fomu ina nafasi tupu, na unachofanya ni kuingiza maelezo ndani yake. Hiyo ni “fill in”, ndivyo wasemavyo Waingereza, na ndivyo tunavyotarajiwa kuandika katika mitihani yetu. Wamarekani hupendelea “fill out”, wakiitazama fomu kama kitu kinachokamilishwa mpaka kingo zake. “Fill up” ni ya kujaza kitu pomoni, kwa hiyo karani akikwambia u-“fill up” fomu utamwelewa na utajaza, lakini kwenye karatasi andika “fill in”, na hiyo nyingine umwambie kijana wa kituo cha mafuta.